Madumu Kumi na Mawili kwa Samaki Kumi na Wanne

Kijana wa guta alishusha dumu la kumi na mbili mlangoni pa duka langu, akajifuta jasho kwa kola ya fulana, akauliza, "Dada fundi, leo kuna shughuli?"

Alidhani nina harusi au msiba. Ilikuwa Oktoba 2022. Mto Ruvu, unaotuletea sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, ulikuwa umepungua mpaka mgao ukatangazwa, na huku kwetu Tabata bomba lilikoroma usiku wa manane tu, siku nyingine halikoromi kabisa. Wakati ule mtu mwenye madumu kumi na mawili mlangoni alitazamwa kama mwenye karamu. Majirani wawili walisimama na ndoo zao tupu, wananitazama. Niliona haya kusema ukweli. Nilikuwa nakwenda kuosha tangi la samaki.

Mimi ni fundi cherehani. Tangi limekaa dukani kati ya kioo cha kujitazamia na meza ya pasi, na sikuliweka kwa anasa. Mteja anayesubiri nguo huku akitazama samaki haulizi "bado tu?" kila dakika tano. Ndani yake mna visamaki vya Ziwa Tanganyika, vile vinavyoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Havizidi urefu wa kidole cha shahada. Kila kimoja kina gamba lake, kinachimba mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni hadi gamba limezama vizuri, kisha kinakaa mlangoni kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Ukisogeza kidole kwenye kioo, puu! Kimeingia ndani, mkia tu ndio unaochungulia. Nilikuwa navyo kumi na vinne.

Kila baada ya wiki mbili nililisafisha tangi kama ninavyosafisha sufuria. Visamaki kwenye beseni, maji yote nje, mchanga kwenye ndoo. Mchanga niliusuuza mara tatu, mara nne, mpaka maji yatoke meupe. Sponji la chujio nililifikicha kwa sabuni ya unga. Magamba nayo nilisugua kwa mswaki. Halafu najaza maji mapya hadi juu, nawasha taa, narudi nyuma hatua mbili kujipongeza. Tangi linang'aa kama dirisha la benki.

Safari ile ya madumu kumi na mawili liling'aa kuliko siku zote. Siku ya tatu asubuhi nilifungua duka nikakuta visamaki sita vimelala ubavu juu ya mchanga. Hadi jioni vilikuwa tisa. Vilivyobaki vilipanda juu ya maji vinahema, mapezi yamefumba.

Mchana huo alikuja mteja wangu mmoja, mzee wa Ujiji, huko Ziwa Tanganyika, kuchukua kanzu yake. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hao wa kwetu wana nini?"

Nikamweleza kila kitu: mgao, guta, sabuni, mpaka mswaki. Akaniacha nimalize, kisha akainama kwenye kioo kwa muda mrefu, mikono mgongoni.

"Umewaua kwa usafi," akasema. "Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 pale panapozama zaidi. Umesikia nani amewahi kulimwaga akalisugua?"

Iliniuma, lakini ndiyo maneno yaliyonifungua macho. Kumbe mzee yule ujanani alifanya kazi na watu wa Kigoma waliokuwa wakikamata samaki wa mapambo ziwani na kuwasafirisha nje. Alikaa kwenye benchi langu karibu saa nzima, kanzu iko mapajani, akanifundisha jambo ambalo muuza tangi hakunigusia hata kwa neno moja.

Samaki hatoi uchafu kwa kwenda haja tu. Muda wote anaotumia kuhema anatoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa amonia hiyohiyo. Amonia ni sumu. Ziwani inazimuka kwenye maji yasiyo na mwisho. Ndani ya tangi inarudi palepale kwa aliyeitoa. Kinachomwokoa ni bakteria. Wako wanaoila amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, kisha wako wengine wanaoigeuza naitraiti hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Basi kazi ya kubadilisha maji, kwa hakika, ni kupunguza hiyo naitreti ya mwisho isirundikane.

Bakteria hawa wanakaa wapi? Hapo ndipo nilipojua nilivyokosea. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Wameshika kwenye sponji, kwenye chembe za mchanga, juu ya mawe, na kwenye yale magamba niliyokuwa nayasugua kwa mswaki. Ule utelezi mwembamba unaouhisi ukipitisha kidole kwenye jiwe la tangi ndio kiwanda chenyewe. Mimi nilikuwa nakibomoa kila wiki mbili kwa sabuni, na juu ya hapo namimina maji ya bomba yenye klorini, ambayo wameiweka makusudi iue bakteria. Halafu nashangaa.

Kwa samaki wa Tanganyika kosa hilo ni zito zaidi. Maji ya ziwa lile yana ualikali mwingi, pH yake inakaribia 9, na amonia ndani ya maji ya namna hiyo huwa kali kuliko ndani ya maji ya kawaida. Joto la Dar nalo linaichochea. Kiasi ambacho samaki wengine wangeugua nacho tu, hawa wangu kiliwaua.

Mzee alipoondoka nilichukua futi yangu ya shingoni nikapima tangi. Sikuwahi kulipima tangu nilinunue. Urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 162. Lakini maji hayafiki ukingoni, na mchanga na mawe yanakula nafasi, kwa hiyo maji halisi ni kama lita 130. Nikatoa daftari la wateja nikapiga hesabu upande wa nyuma. Kujaza tangi zima, madumu sita na nusu. Kusuuza mchanga, manne. Mawe, magamba na sponji, moja na nusu. Ndiyo yale kumi na mawili, lita 240, na kila dumu wakati ule nililinunua kwa shilingi 500. Shilingi 6,000 kwa kuosha mara moja. Kwangu mimi hiyo ni kupunguza suruali tatu, na samaki wamekufa juu.

Sasa natoa maji sehemu moja ya tano kila Jumapili, yaani lita 26. Dumu moja na kidogo. Mengine yanabaki tangini.

Kifaa changu kikubwa ni mpira mwembamba wa mita mbili. Mdomoni nimeufunga kipande cha soksi ndefu ya kike, maana visamaki vichanga hunyonywa kwa urahisi. Mpira wenyewe nauzamisha wote ndani ya tangi hadi hewa itoke, naziba ncha moja kwa dole gumba, naitoa nje na kuishusha kwenye ndoo iliyo chini. Nikiachia, maji yanashuka yenyewe, mradi ndoo iwe chini kuliko tangi. Usivute kwa mdomo kama wezi wa petroli. Maji ya samaki yana vijidudu, na kuna bakteria mmoja wa matangi anayeingia kwenye mchubuko na kuleta vidonda vya ngozi vinavyochukua miezi kupona. Vidole vya fundi havikosi tundu la sindano, kwa hiyo mimi navaa glavu.

Na hapa pana siri ya kuokoa maji: usinyonye maji, nyonya uchafu. Mwanzoni nilitumbukiza mpira popote, ndoo ikajaa maji masafi huku taka zimelala kwenye kona zinanicheka. Ukitulia ukatazama, utaona mkondo wa chujio unazisukuma taka mahali palepale kila siku. Kwangu ni nyuma ya jiwe kubwa la kushoto. Nashikilia mdomo wa mpira juu ya mchanga kiasi cha unene wa kidole, naupitisha polepole kama pasi juu ya hariri. Taka ni nyepesi zinapanda, mchanga ni mzito unabaki. Mkondo ukizidi nguvu naubana mpira kwa vidole. Lita 26 zinatosha kusafisha sakafu yote, na sakafu ikitakata kabla ya ndoo kujaa naacha hapohapo.

Sponji nalikamua ndani ya ndoo hiyohiyo ya maji yaliyotoka tangini, mara mbili tatu, basi. Halihitaji kuwa jeupe. Likiwa la kahawia lakini maji yanapita, limepona. Silifanyii kazi hiyo kila wiki. Mara moja kwa mwezi, na kamwe si siku ileile ninayougusa mchanga sana. Sabuni haipiti tena karibu na tangi. Kijani kinachoota kwenye kioo nakikwangua kwa kadi ya zamani ya benki, na chokaa nyeupe ya ukingoni, kwa nje, naifuta kwa kitambaa chenye siki.

Maji mapya nayaandaa Jumamosi. Klorini ya kawaida huruka yenyewe ukiyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, na mapema zaidi ukiyachezesha kwa pampu ya hewa. Mahali wanapotibu maji kwa kloramini hiyo haitoshi, maana kloramini hairuki; hapo itakubidi utie matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki. Ndoo yangu naifunika kwa kipande cha neti ya shela ya bibi harusi, kilichobaki kwenye kazi. Hewa inapita, mbu hawapiti. Jiji hili limeonja homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda sana maji yaliyotuama nyumbani. Kabla ya kumimina natia mkono ndoo, kisha tangi. Kama mkono hauoni tofauti ya joto, namimina kidogokidogo kwa kikombe.

Masika nakinga mvua. Maji ya kwanza kutoka batini nayaacha yapite na vumbi na kinyesi cha kunguru, yanayofuata ndiyo nakinga. Hayana klorini, lakini pia hayana madini, na samaki wangu wanataka maji mazito. Kwa hiyo nimeweka ndani ya chujio kifuko cha magamba ya baharini yaliyopondwa, ambayo niliyapata kwa muuza chakula cha kuku. Yanayeyuka polepole na kuyarudishia maji ukali wake. Mwenye samaki wa maji laini asiniige kwa hilo.

Na zile lita 26 zilizotoka? Hazijamwagwa hata siku moja. Naitreti inayomsumbua samaki ndiyo mbolea anayoitafuta mkulima. Nyuma ya duka nina viroba sita vya mchicha na kimoja cha pilipili, navyo vinakunywa lita kumi na tano hivi. Namwagia mizizi, sinyunyizii majani, na mchicha unaoshwa na kupikwa kama kawaida. Jirani yangu wa saluni aliwahi kuniuliza mbolea ninainunua wapi. Nikamwonyesha tangi, akadhani namtania. Yanayobaki yanapiga deki na kuingia kwenye ndoo ya chooni. Maji ya deki ningeyanunua hata kama nisingekuwa na samaki, kwa hiyo ukweli ni kwamba yanapita kwa samaki kwanza kabla ya kwenda kwenye sakafu. Nikiwa nimetia dawa tangini, au chumvi, mchicha hauonji tone mpaka maji hayo yamekwisha kubadilishwa mara kadhaa. Mwenye tangi la maji ya bahari naye asisogee bustanini kabisa.

Jambo moja nakataza kwa ukali: kumwaga maji ya tangi mtoni, bwawani au kwenye mtaro unaoelekea huko, pamoja na vijani na konokono vilivyomo. Gugu maji lililofunika ghuba za Ziwa Viktoria lilitoka Amerika Kusini, na duniani limesambazwa na watu waliolipenda kwa ua lake. Samaki aliyekuchosha mpe jirani.

Yote hayo ni ya upande wa kutoa maji. Yapo pia ya kufanya uchafu usiingie, na kwangu hayo ndiyo yaliyopunguza kazi zaidi ya mpira na soksi. Zamani kila mteja aliyekuja na mtoto alipewa kopo la chakula amfurahishe mtoto. Siku ya Jumamosi samaki walilishwa mara nane. Sasa kopo liko kwenye droo ya nyuzi, nalisha mimi, mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Ijumaa hawali, na hajafa hata mmoja kwa kufunga siku moja. Tangi nalo nililihamisha, lilikuwa linapigwa na jua la saa tisa alasiri. Jua lile lilinilimia kijani bure. Na kuna lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo ambalo karibu kila saluni ya mjini inalo: nimelitundika pembeni, mizizi imo majini, majani yako nje. Linafyonza naitreti mchana na usiku bila mshahara.

Kujazia maji yaliyopungua kwa joto, hata hivyo, si kubadilisha maji. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Madini na naitreti vinabaki. Ukijazia tu mwezi baada ya mwezi, tangi linaonekana limejaa na safi kumbe ndani ni mchuzi. Nimeweka kipande cha kioo juu kupunguza upotevu huo, na Jumapili yangu iko palepale. Mwenye wasiwasi anunue vijikaratasi vya kupimia: amonia na naitraiti visionekane kabisa, naitreti isizidi miligramu 40 kwa lita. Nami nilivinunua baada ya msiba ule. Mwezi wa tatu vikanionyesha kwamba mbili kati ya Jumapili zangu hazikuwa na haja hata ya lita 26.

Kwa kuwa usingizi ulinipaa siku zile za visamaki kufa, nilisoma sana. Nikakuta kwamba karibu mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, akaonyesha kwamba wanaweza kuishi pamoja bila maji kubadilishwa mara kwa mara: majani yanampa samaki hewa, konokono anakula majani yaliyooza. Kumbe mmoja wa waanzilishi wa hobi hii alitaka kuyaacha maji yakae. Nikakuta pia kwamba hapo Unguja kipo kisamaki cha rangi za kupendeza kinachoishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka kinakufa, lakini mayai yake yanabaki hai ndani ya tope kavu, yakisubiri mvua nyingine ndipo yaanguliwe. Nilimsimulia kijana wa guta. Akasema, "Huyo ndiyo samaki wa kufuga wakati wa mgao, dada. Anajijua."

Visamaki vitano vilivyopona vilizaa mwaka uliofuata. Niliona vitoto kwanza kama vumbi linalocheza kwenye mdomo wa gamba, nikadhani ni taka, nikasogeza mpira. Soksi ndiyo iliyovikinga. Leo viko zaidi ya ishirini, na mzee wa Ujiji akipita huinama kwenye kioo, mikono mgongoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na watu wa kwao ugenini.

Kijana wa guta bado ananiletea maji bomba linapogoma. Madumu mawili. Ameacha kuniuliza kama kuna shughuli.

Wewe uliye na tangi nyumbani, kabla ya kugusa chochote, lipime. Urefu mara upana mara kimo cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000, kisha gawa kwa tano. Hizo ndizo lita zako za Jumapili. Na kama huna futi, pita hapa kwangu. Ya kupimia tangi sitozi.